Isnadi ya Siri: Mwongozo kwa Mwenye Kutaka Kuisoma Kabala

Neno Kabala, ambalo ndilo jina la elimu ya siri ya Mayahudi, si geni kwa sikio la Mswahili kadiri linavyodhaniwa. Herufi zake tatu za asili, kafu, be na lamu, ndizo zilizotuletea kwa njia ya Kiarabu maneno kubali, kabili na kibla, na kwa Kiebrania maana yake ni kupokea. Kabala, basi, ni kilichopokewa: mwanafunzi kwa mwalimu, mwana kwa baba, kwa sauti ya chini na baada ya mpokeaji kupimwa. Msomaji aliyelelewa mwambao, ambaye amezoea kuisikia hadithi ikitanguliwa na isnadi, yaani majina ya wapokezi wake, anayo tayari mizani ya kuingilia katika elimu hii, maana swali la kwanza linalompasa kukiuliza kila kitabu cha Kabala ni lile lile alilofundishwa chuoni: umepokea kwa nani? Mwongozo huu hauna shauri kubwa kuliko hilo, na mengine yote nitakayoyasema ni namna ya kulitumia.

Kabla ya kufungua kitabu, sahihisha nia. Wanaobisha mlango huu ni wengi na haja zao ni mbalimbali: yupo atafutaye hirizi ya biashara na kinga ya jicho la hasidi, yupo atakaye kuishika ibada yenyewe, na huyo hana budi kwenda kwa Mayahudi wenyewe na kukaa mbele ya rabi, kwa kuwa Kabala yao haikutenganishwa na sala zao, Sabato yao na sheria zao, na yupo atakaye kufahamu tu watu hawa walimtafuta Mola wao kwa njia gani, waliandika nini, lini, na kwa sababu gani. Maneno yangu ni kwa huyu wa tatu. Mimi mwenyewe nilianza kwa kosa: kitabu cha kwanza nilichokinunua, katika meza ya vitabu vikuukuu kando ya njia, kilikuwa na jalada la kupendeza, picha ya mti wenye miviringo kumi, na majedwali ya rangi, vito, sayari na siku njema za kusafiri, nikakisoma hadi mwisho kwa bidii ya mtu aliyekwisha kulipa, na nilipokifunga nikatambua kwamba hakikunitajia aya hata moja ya Taurati, wala jina la mwalimu mmoja, wala mwaka. Tangu siku hiyo ninacho kipimo chepesi, nacho nakupa bure: fungua kitabu katikati, soma kurasa tatu, na kama hukukuta aya inayofasiriwa wala mtu anayetajwa, kirudishe mezani.

Ukiisha kuweka nia, usianze kwa Kabala. Anza kwa Biblia, kwa sababu vitabu hivi vyote ni tafsiri, na mwenye kusoma tafsiri ya kitabu asichokijua ni sawa na mtu aliyeketi barazani akisikiliza kicheko cha chumbani. Chukua Biblia ya Kiswahili iliyo karibu nawe, ufungue sura ya kwanza ya Ezekieli, ambayo ina aya 28 tu, uisome mara tatu kwa taratibu, huku ukiandika kando kila kitu ambacho nabii yule, aliyekuwa miongoni mwa wahamishwa karibu na mto Kebari katika nchi ya Wakaldayo, anasema alikiona: tufani itokayo kaskazini, viumbe hai wanne wenye nyuso nne nne, gurudumu ndani ya gurudumu, macho yaliyojaa pande zote, na juu ya yote mfano wa kiti cha enzi wenye rangi ya yakuti samawi. Hilo ndilo Gari, kwa Kiebrania Merkava, na wanavyuoni wa kale waliliogopa hata ikaandikwa katika Mishna, mkusanyiko wa sheria uliotimia mnamo mwaka 200, kuwa habari zake hazifundishwi hata mbele ya mtu mmoja, isipokuwa awe mwenye hekima afahamuye kwa akili yake mwenyewe. Uongeze sura ya kwanza ya Mwanzo na Wimbo Ulio Bora, na hapo utakuwa umeshika funguo tatu ambazo wenye siri hawa walizitumia kwa miaka elfu na zaidi.

Juu ya hofu hiyo Talmudi, kitabu cha marabi kinachoifasiri Mishna, husimulia kwamba watu wanne waliingia bustanini. Mmoja alitazama akafa, wa pili alitazama akapatwa akilini, wa tatu akaikata miche, nao wafasiri husema kwamba aliasi dini. Ni Rabi Akiva peke yake aliyeingia kwa amani akatoka kwa amani. Yeye ndiye aliyewaonya wenzake kwamba wakifika penye mawe ya marmari safi wasipige ukelele wa kusema ni maji. Msomaji anayeijua Sura ya Namli atamkumbuka mara moja malkia Bilkisi, aliyeipandisha nguo yake katika kasri ya Suleimani kwa kudhani kioo ni kilindi; sisemi kwamba hadithi moja imezaliwa na nyingine, nasema tu kwamba sakafu ya mbinguni inayomghuri mgeni ni sura ambayo watu wa pande hizi za dunia waliijua. Kutokana na hofu na shauku hiyo vikatungwa vitabu vya Hekhaloti, yaani majumba ya kifalme, vyenye mbingu saba, mabawabu wakali na mihuri ya kuwaonyesha ili mtu apite; na cha ajabu ni kwamba wapitaji hao huitwa wenye kushuka kwenye Gari, ilhali kwa dhahiri wanapanda. Mwanachuoni Peter Schäfer alipoiweka miswada ya vitabu hivyo bega kwa bega na kuichapa mwaka 1981, ilionekana kwamba nakala zinatofautiana kiasi ambacho ni taabu kusema kitabu hiki kinaanzia wapi na kile kinaishia wapi. Kwa mwenye kufuata isnadi hilo ni fundisho la mapema: kuna vitabu ambavyo kila mwandishi wa nakala alikuwa pia mpokezi mwenye mkono wake.

Hatua ya pili ni kijitabu kiitwacho Sefer Yetzira, Kitabu cha Uumbaji, kifupi kiasi cha kusomwa kabla kahawa haijapoa, na kigumu kiasi cha kwamba wafasiri hawajaachana nacho hadi leo. Husema kwamba Mungu aliuumba ulimwengu kwa njia 32, nazo ni tarakimu 10 na herufi 22. Ulamaa wametofautiana sana juu ya karne yake, lakini tunajua kwamba Saadia Gaon, mzaliwa wa Misri, alikiandikia tafsiri mwaka 931, na aliiandika kwa Kiarabu, lugha ambayo Mayahudi wa Mashariki walisomea, wakauzia na kubishania kwa mamia ya miaka.

Hapa chukua kalamu ufanye jambo kwa mkono wako. Hesabu ya abjadi unayoijua, alifu kwa 1, be kwa 2, jimu kwa 3, dali kwa 4, na kuendelea hadi te kwa 400, ndiyo hesabu ya Kiebrania bila ya kupungua, kwani herufi 22 za mwanzo za abjadi ndizo herufi 22 za Mayahudi kwa mpango ule ule, na zile 6 za mwisho ni nyongeza ya Waarabu. Basi neno la Kiebrania lenye maana ya moja, ehad, lina alifu, ha ya koo na dali: 1, 8 na 4, jumla 13. Neno la mapenzi, ahava, lina 1, 5, 2 na 5: jumla 13. Jumlisha 13 mbili upate 26, na 26 ndiyo hesabu ya zile herufi nne za Jina ambalo Myahudi halitamki: 10, 5, 6 na 5. Ukipenda, hesabu pia ahad ya Kiarabu, utaona nayo ni 13. Mtu aliyekwisha kuona 786 juu ya mlango wa duka, akaambiwa kwamba ni Bismillahi kwa tarakimu, hana haja ya kuelezwa zaidi. Lakini nakuonya: hesabu hii, waiitayo gematria, kwa wenye elimu ilikuwa pambo la tafsiri na si nguzo yake, na anayeanzia hapo atapata kila akitakacho, maana tarakimu hazina haya.

Kabala kwa maana yake mahususi ilidhihiri kusini mwa Ufaransa, katika Provence, mwishoni mwa karne ya 12, kilipotokea kitabu cha Bahir, na alipofundisha Isaac aliyeitwa Kipofu, mwana wa faqihi Abraham ben David wa Posquières. Kutoka huko ikavuka milima hadi Gerona, kwa Moses ben Nahman (1194 hadi 1270), ambaye katika tafsiri yake ya Taurati hudokeza siri kwa maneno machache, akisema kwamba hiyo ndiyo njia ya kweli, kisha hunyamaza. Na katika dibaji amemkataza msomaji asikisie, kwa kuwa kisicholetwa na kinywa cha mpokezi hakifahamiki kwa kukisia. Wanafunzi wangapi wamekisia baada ya katazo hilo, Mungu ndiye ajuaye.

Mafundisho yenyewe, kwa ufupi usiokuwa wa haki, ni haya: Mungu kwa dhati yake haelezeki wala hatajiki, nao humwita Asiye na Mwisho, Ein Sof, lakini amejidhihirisha kwa daraja kumi ziitwazo sefiroti, na kwa hizo anaumba, anahukumu, anarehemu na kutawala. Zijifunze kwa kufuata sikio lako. Ya kwanza ni Keter, taji. Hokhma ni hekima, wala huhitaji kamusi. Bina, ufahamu, ni jamaa wa baini na kubainisha. Hesed ni fadhila, na inayoikabili ni Gevura, nguvu, ambayo pia huitwa Din, hukumu, kama ilivyo katika Siku ya Kiyama tunayoiita Yaumu Ddini. Kati ya hizo mbili ni Tiferet, uzuri, ambayo jina lake la pili, Rahamim, ni rehema. Zinafuata Netzah na Hod, kudumu na utukufu, kisha Yesod, msingi, na ya kumi ni Malkhut, ufalme, ndugu wa malakuti. Nayo hiyo ya kumi ni Shekhina, Uwepo unaokaa na watu hata uhamishoni, neno lililo jamaa na sakina na maskani yetu. Usighurike, lakini, na udugu wa maneno: sakina ya Kurani ni utulivu unaoteremshwa, ilhali Shekhina ya wenye Kabala ni kama binti mfalme aliyetengwa na mumewe, naye anangojea. Na aliyesoma tauhidi, akazoea mjadala wa dhati na sifa, atakuta mjadala huo huo hapa: je, sefiroti ni dhati ya Mungu au ni vyombo vyake? Moses Cordovero wa Safed alijibu katika karne ya 16 kwamba zote mbili ni kweli kwa namna yake.

Sasa umekaribia Zohar, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wasomaji wengi hupotea. Zohar maana yake ni mng'ao, na asili yake ni moja na ya ile nyota yetu Zuhura. Imeandikwa kwa Kiaramu, na ukiifungua utadhani umo Galilaya ya karne ya 2: Rabi Shimon bar Yochai na masahaba zake wanatembea njiani, wanaketi chini ya miti, wanaamka usiku wa manane kuifasiri Taurati, wanalia kwa furaha wanaposikia jambo jipya. Usiianze mwanzoni, kwa kuwa kurasa za mwanzo zitakuvunja moyo. Anza na kisa cha Mzee, kilicho katika tafsiri ya Kitabu cha Kutoka, ambamo Rabi Yose anamlalamikia mwenzake juu ya mzee mmoja mwendesha punda aliyemchosha njia nzima kwa vitendawili, vikiwamo habari za msichana mzuri asiyekuwa na macho. Mwenzake anamuuliza kama maneno ya mzee huyo kweli ni upuuzi mtupu, wanamwita, naye anapofungua kinywa wote wawili wanalia mbele yake. Humo utamkuta pia mpenzi anayerandaranda nje ya kasri, na mchumba wake anayefungua kidirisha na kumwonyesha uso kwa dakika moja kisha akajificha, na mchumba huyo ni Taurati.

Je, isnadi ya Zohar? Karatasi zake zilianza kupita mikononi mwa watu huko Castile, katika Hispania, mwishoni mwa karne ya 13, na aliyezitoa alikuwa Moses de León. Mwanachuoni Isaac wa Akka, aliyeponea anguko la mji wake mwaka 1291, alikwenda Hispania kukitafuta kitabu hicho, akakutana na Moses mjini Valladolid, naye akamwapia kwamba nakala ya kale iko nyumbani kwake Avila. Lakini Moses akafariki njiani, mjini Arévalo, mwaka 1305. Isaac alipofika Avila akaambiwa kwamba tajiri mmoja alimtuma mkewe kwa mjane kuomba kitabu, kwa ahadi ya kumwoza mwanawe binti wa marehemu, na mjane yule fukara akaapa kwamba hakuna kitabu, mumewe alikuwa akiandika kutoka kichwani mwake. Na alipomuuliza kwa nini anayanasibisha maneno yake na watu wa kale, mumewe alimjibu kwamba wakijua ni yake hawatayajali, wala hawatalipa.

Wengi hukoma hapo na kufunga shauri. Wewe endelea, uulize isnadi ya mjane naye: alimwambia mke wa tajiri, mke akamwambia mumewe, mume akamwambia mtu, mtu akamwambia Isaac, Isaac akaandika, na kilichobaki cha maandishi yake kimehifadhiwa na Abraham Zacuto, aliyeishi takriban miaka 200 baadaye, tena kinakatika katikati ya habari. Hadithi hiyo isingepita mbele ya mhakiki mkali. Dalili zenye nguvu zaidi zimo ndani ya kitabu chenyewe: Jacob Emden, rabi aliyeiheshimu Zohar, alionyesha mwaka 1768 kwamba mna mambo ya baadaye sana, na miongoni mwake ni neno esnoga, ambalo ni jina la sinagogi kwa lugha za Hispania na Ureno, likifasiriwa kana kwamba ni la kale. Rabi wa Galilaya wa karne ya 2 angelipata wapi neno hilo?

Mfano mmoja wa jinsi Zohar inavyosoma utakufaa kuliko maelezo mengi. Katika Kiebrania, Taurati inaanza kwa neno la mwanzo, kisha kitenzi cha kuumba, kisha jina la Mungu, kwa kuwa lugha hiyo, kama Kiarabu, aghalabu hutanguliza kitenzi. Zohar inauliza: je, kama jina hilo la tatu si la mtendaji bali la mtendwa? Hapo sentensi yageuka: kwa Mwanzo, yaani kwa Hekima, Yeye asiyetajwa alimtokeza Elohim, yaani Bina, na mtendaji wa kweli hayumo katika aya kwa sababu Asiye na Mwisho hatajiki. Hakuna herufi iliyoongezwa wala iliyopunguzwa. Fungua sasa Biblia yako ya Kiswahili, utaona kwamba mlango huo umefungwa, kwa sababu Kiswahili kimemtanguliza Mungu mbele ya kitenzi na kukipa kitenzi kiambishi cha mtenda. Ndiyo maana nasema kwamba hata asiyekusudia kujifunza Kiebrania ajifunze angalau herufi zake 22, kazi ya juma moja.

Zohar ilipigwa chapa mara ya kwanza katika Italia, Mantua na Cremona, kati ya mwaka 1558 na 1560. Kwa Kiingereza, nakala iliyo bora ni ile ya juzuu 12 iliyotoka kati ya mwaka 2004 na 2017, ambayo juzuu 9 za kwanza ni kazi ya Daniel Matt. Hashiya zake chini ya ukurasa ni shule kamili. Asiyeweza gharama yake, nayo si ndogo, aitafute Zohar iliyopangwa kwa mada na Isaiah Tishby.

Baada ya Mayahudi kufukuzwa Hispania mwaka 1492, wengi walihamia nchi za Sultani wa Uturuki, na mji mdogo wa Safed, juu ya vilima vya Galilaya, ukawa kitovu. Hapo alikaa Joseph Karo, mwandishi wa sheria inayofuatwa hadi leo, naye alisikia sauti ya malaika ikisema kwa kinywa chake mwenyewe. Hapo Solomon Alkabetz alitunga utenzi wa kumlaki bibi harusi Sabato, unaoimbwa kila Ijumaa jioni katika masinagogi ulimwenguni. Na hapo aliingia mwaka 1570 Isaac Luria, aliyekulia Misri, akafundisha kwa miaka miwili tu, akafa kwa tauni mwaka 1572 akiwa na miaka 38. Alifundisha kwamba Mungu alijikunja ili kuwe na nafasi ya ulimwengu, kwamba vyombo vilivyopokea nuru vilivunjika, na kwamba kila amri itimizwayo kwa nia huokota cheche na kuirudisha mahali pake. Hakuandika ila kidogo. Tunayoyajua yametufikia kwa mkono wa mwanafunzi wake Hayyim Vital, kwa hiyo usomapo kwamba Luria alisema, ongeza moyoni: kwa mapokezi ya Vital.

Utaambiwa kwamba Kabala haisomwi kabla ya miaka 40. Katazo hilo lina tarehe. Mwaka 1665 Nathan wa Gaza alimtangaza Sabbatai Zevi wa Smyrna kuwa Masihi, na Mayahudi kutoka Yemen hadi Amsterdam wakatubu na kufunga mizigo. Mwaka uliofuata Sabbatai, mbele ya Sultani, akasilimu. Katika fadhaa iliyobaki, iliyodumu zaidi ya karne moja, marabi waliokutana Brody mwaka 1756 wakazuia Zohar kwa aliye chini ya miaka 30 na mafundisho ya Luria kwa aliye chini ya 40. Luria mwenyewe, kama ulivyoona, hakufika umri wa kuruhusiwa kujisoma.

Juu ya Mahasidi wa Ulaya ya Mashariki, wafuasi wa Israel Baal Shem Tov aliyefariki mwaka 1760, nitapita upesi, kwa kuwa visa vyao vinapatikana kwa urahisi na vinapendeza hata vimewasahaulisha watu mahubiri yao, ambayo ndiyo elimu yenyewe.

Wala usisahau majirani. Bahya ibn Paquda, katika Hispania ya karne ya 11, aliandika kwa Kiarabu kitabu cha wajibu wa nyoyo kilichojaa adabu za Masufi. Abraham, mwana wa Maimonides, aliyefariki Misri mwaka 1237, aliwasifu Masufi waziwazi na kutaka Mayahudi wasujudu kama walivyokuwa wakisujudu manabii. Na Shalom Sharabi, Myahudi wa Yemen aliyefariki mwaka 1777, aliongoza Yerusalemi chuo cha Beit El, ambako sala ilisaliwa kwa nia za Luria neno kwa neno. Mtu wa tarika, Mkadiria au Mshadhili, ataona mengi ya kumfurahisha hapa. Afurahi, lakini asiunganishe kwa haraka: dhikiri yake ina silsila yake, na sala ya Beit El ina ya kwake.

Kuhusu wanavyuoni wa zama zetu, jua kwanza dharau waliyoikuta. Heinrich Graetz, mwanahistoria mkubwa wa Mayahudi katika karne ya 19, aliiona Zohar kuwa kitabu cha uwongo. Gershom Scholem, aliyezaliwa Berlin mwaka 1897, amesimulia kwamba alipokuwa kijana alimzuru mzee mmoja aliyesifika kwa ujuzi wa Kabala, akaona rafu zake zimejaa miswada, akamwambia ni furaha iliyoje kuisoma yote hii. Mzee akashangaa: kumbe na takataka hizi anatakiwa azisome? Scholem akahamia Yerusalemi mwaka 1923, akawa mtunza vitabu, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Kiebrania tangu kilipofunguliwa mwaka 1925, akazisoma takataka hizo zote. Mhadhara wake wa kwanza ulitilia shaka kwamba Moses de León ndiye mwandishi wa Zohar. Kitabu chake cha mwaka 1941 juu ya mielekeo mikuu ya elimu hii, ambacho ndicho cha kwanza ninachokushauri, kinasema kwamba ndiye. Mtu aliyebadili rai yake hadharani kwa kufuata ushahidi anastahili kuaminiwa katika mengine.

Kisha msome mpinzani wake. Moshe Idel, mzaliwa wa Romania, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1988 kwamba Scholem alitazama mno nadharia na kusahau yaliyotendwa na yaliyoonwa, na kwamba mafundisho ya Luria hayaonyeshi alama ya msiba wa 1492 kama alivyodai Scholem. Idel ndiye aliyemrudisha mbele Abraham Abulafia, aliyechanganya herufi pamoja na pumzi na miendo ya kichwa, na ambaye mwaka 1280 alikwenda kuonana na Papa Nicholas wa Tatu. Papa akaamuru achomwe moto, kisha Papa mwenyewe akafa ghafla, na Abulafia akafungwa siku 28 akaachiwa. Yehuda Liebes naye alidai mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba Zohar ni kazi ya jamaa ya wenzi, wala si ya mtu mmoja, rai ambayo naiona ina nguvu kuliko zote, kwani hakuna anayeisoma kwa muda mrefu asisikie sauti nyingi.

Wauza uzi mwekundu, maji yaliyosomewa na majina ya malaika waache wapite. Kama wana isnadi, waulize.

Nyumbani weka daftari moja, na kila ukurasa uugawe mara tatu: aya inayofasiriwa, neno la Kiebrania lililoshikwa, na daraja inayokusudiwa. Ukisoma nusu saa kwa siku, mwaka wa kwanza utatosha kwa Ezekieli, Kitabu cha Uumbaji, Scholem na kisa cha Mzee, na hayo si machache. Wala usione haya kuuliza pembeni mwa ukurasa. Nakala ya Zohar aliyoitumia Scholem maisha yake yote, yenye maelfu ya maandishi yake ya mkono, ilipigwa picha na kuchapwa Yerusalemi mwaka 1992, miaka 10 baada ya kufa kwake, katika juzuu 6. Kabla hujanunua kitabu chochote nilichokitaja, nunua kalamu ya risasi.